Mwenyekiti Aliyekula Kahawa na Meneja

Watu wa kwetu wakimtaja Fidele husema, yule aliyekula kahawa na meneja. Baadhi yao walikuwa watoto wakati ule, wanasema tu walichosikia kwa mama zao. Mimi nilikuwa nikishona midomo ya magunia katika kiwanda kile, na nilikuwa mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo mengi niliyaona. Nitaeleza yalivyokwenda.

Fidele alitoka Rwanda akiwa kijana wa ndevu za kwanza, yeye na mama yake, katika miaka ile ya fujo. Walivuka Mto Kagera, wakafika Songambele, wakaanza kupalilia migomba ya watu. Malipo yao yalikuwa ndizi, na mara nyingine maharage. Mama yake alifia huko. Baadaye Fidele alimwoa Nyirabageni, binti wa wakimbizi wenzao, wakapata kibanja kidogo Kibingo, kwenye mteremko ambao wenyeji hawakuutaka kwa sababu ya mawe. Waliyang'oa yale mawe, wakayapanga yakawa ukuta, wakapanda migomba na mibuni katikati.

Kazi ya kiwandani aliipata kabla ya vita vya Amin. Kiwanda chetu kilikoboa kahawa ya wakulima wa upande huu wote. Ilikuja imekauka na maganda yake, ikapimwa, ikaingia mashineni, ikatoka punje, na punje zikaenda kwa akina mama wa kuchambua waliokaa chini kwa safu na kutoa zile nyeusi na zilizovunjika. Kisha mimi nilishona magunia na malori yakapeleka Bukoba. Fidele alikuwa mbebaji. Alitoa gunia kwenye mizani akalipeleka mashineni, kutwa, msimu mzima. Kazi hiyo hudidimiza shingo ya mtu mpaka mabega yanakaribia masikio, na yeye alikuwa amefikia hapo.

Mwaka wa themanini wakimbizi wengi walipewa uraia, naye akapewa wake. Alifurahi, lakini alizoea kusema kwamba karatasi haisalimii mtu njiani. Kwenye vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, bado alikuwa yule Mnyarwanda wa Kibingo. Kilichombadilishia jina ni uchaguzi wa tawi letu. Wafanyakazi walikuwa wamegawanyika, ukoo huu unamtaka wa kwao na ule unamtaka wa kwao, mpaka mikutano miwili ikavunjika. Katika mkutano wa tatu Apolinary, fundi wa mashine, mtu wa mzaha, alisimama akasema, "Tumpe Fidele. Huyu hana hata shangazi wa kumwonea haya."

Watu walicheka, wakampa. Kuanzia siku ile waliacha kumwita Mnyarwanda. Walimwita njiani, Mwenyekiti, shikamoo, na hata wazee waliokuwa hawampi mkono wakawa wanampa. Nyirabageni aliniambia kwamba wiki ile mumewe alikuwa akitembea polepole kuliko kawaida, ili asalimiwe vizuri.

Baada ya vita kila kitu kilikuwa kigumu. Sabuni ikawa ya kuulizia nyumba hadi nyumba. Mshahara uliokuwa unanunua sukari, chumvi na mafuta ya taa sasa ulinunua kimoja, nawe uchague. Akina mama wa kuchambua ndio walioumia zaidi, kwa sababu wengi wao walikuwa vibarua wa msimu, na msimu ukiisha hawana kitu. Kiongozi wao alikuwa Placidia, mjane wa Isingiro, mwanamke mwenye sauti nzito na vidole vyepesi. Msimu wa mwaka themanini na tano ulipochanganya, Placidia alimfuata Fidele kwenye mizani akamwambia kwamba wamechoka kungoja nyongeza ya mshahara. Hawatagoma, maana kugoma kuna polisi. Watachambua tu.

Wakachambua. Walichukua punje moja, wakaigeuza, wakaitazama upande huu na upande huu kama mtu anayenunua ng'ombe, wakaiweka. Kisha nyingine. Msimamizi alipowakemea walimjibu kwa adabu kwamba wanatafuta ubora. Siku chache tu, ghala la ndani likajaa, kahawa ya wakulima ikawa inarundikwa nje chini ya maturubai, na malori yamepanga foleni barabarani, madereva wamelala chini yake. Mvua za vuli zilikuwa karibu.

Meneja wetu aliitwa Byabato. Alikuwa Mhaya wa upande wa Bukoba, mtu mpole aliyekuwa zamani akiendesha duka la ushirika, na alikuwa hajamaliza mwaka kwetu. Alipiga simu kuliko alivyotupigia kelele, kama tulivyosema, maana kila asubuhi tulimsikia ofisini akipiga simu Bukoba na kuwasihi wakubwa wake. Mwishowe alimwita Fidele na sisi wajumbe. Mimi nilikaa karibu na mlango.

Mazungumzo yale yalichukua tangu asubuhi hadi jua la mchana. Fidele aliomba mishahara ipande kwa nusu. Meneja akasema hata yeye mwenyewe hajapandishwa. Fidele hakuwa msemaji; aliomba, akanyamaza, akangoja, akaomba tena maneno yaleyale. Nadhani kilichomshinda Byabato ni ule ukimya. Wakafika kwenye theluthi, kwa wote, wa kudumu na vibarua. Meneja alisema uwezo upo, kahawa ipo, na kwamba anaona ni haki. Akaandika, wakatia sahihi.

Kisha akafanya kitu ambacho mzee yeyote wa huku angefanya. Alifungua kabati akatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa na maganda yake. Akampa Fidele kwa mikono miwili. Fidele akachukua, Byabato akachukua, wakatafuna wakitazamana.

Kwetu hilo si jambo la kupitisha muda tu. Majirani wakigombana juu ya mpaka wakapatanishwa, hutafuna kahawa pamoja, na baada ya hapo anayerudia maneno yale ndiye mkosaji, hata kama shamba lilikuwa lake. Akina mama walikuwa wamesimama dirishani. Waliona mkono wa meneja ukitoa na mkono wa Fidele ukipokea, wakageuka wakarudi kwenye safu zao bila kuambiwa na mtu. Fidele alipotoka nje, Placidia alimuuliza jambo moja tu, kama limekwisha.

"Limekwisha," alisema Fidele. "Chambueni."

Hapo ndipo alipojifunga. Angeweza kusema tungoje kidogo, tuone pesa kwanza. Hakuona sababu, na hata mimi sikuiona. Watu wawili wenye jambo lao walikuwa wamemaliza jambo lao. Mikono ikakimbia, magunia yakaja kwangu mpaka sindano ikanitoa malengelenge, na kabla mvua haijakaza malori yote yalikuwa yameondoka.

Mwisho wa mwezi mishahara ilikuwa ileile. Meneja alimwambia Fidele makubaliano yamepelekwa Dar es Salaam, kwenye mahakama ya kazi, kuandikishwa. Ni utaratibu, watapiga muhuri yatarudi. Fidele akawaambia watu hivyohivyo. Mwezi wa pili akawaambia tena. Apolinary akaanza kuuliza muhuri huo unachongwa kwa mti gani.

Majibu yalikuja kahawa imekwisha kabisa, ghala linafagiliwa. Byabato alituita ofisini, na safari hii hakuketi. Alisema mahakama imekubali nyongeza, lakini si theluthi. Kuna kikomo ambacho Serikali imeweka, na mahakama haina ruhusa ya kukivuka. Iliyobaki ilikuwa ndogo hivi kwamba kibarua angeweza kununua kipande cha sabuni, na kama sabuni imepanda, nusu kipande.

Fidele akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, mahakama imeingiaje, ikiwa hakuna mtu aliyeshtaki. Yeye hakushtaki. Je, Bwana Meneja ameshtaki?

"Sikushtaki, Mwenyekiti," alisema Byabato. "Sheria inasema makubaliano yetu si kitu mpaka wayaandikishe. Nilijua yatakwenda. Sikujua wangeyakata. Nilidhani watu wawili wakikubaliana, wa tatu anasoma tu."

"Na mimi nilidhani hivyo," alisema Fidele.

Wote wawili walitazama chini. Nilimwamini Byabato siku ile na bado namwamini. Lakini kuwaambia akina mama uwanjani ilikuwa kazi ya Fidele peke yake.

Aliwaambia bila kuzunguka. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamechoka, na wengi walikuwa wamekuja kuchukua malipo ya mwisho waende zao mashambani. Placidia alikaa juu ya gunia tupu, akavua kitambaa, akakikung'uta vumbi la maganda, akakifunga tena. Kisha akauliza, "Hiyo mahakama ilikula kahawa na nani?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Fidele alieleza habari ya kikomo. Placidia alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba yeye hajui sheria ila anajua desturi. Kahawa iliyoliwa haitapikwi. Ama meneja amewadanganya, ama waliokula wawili walikuwa na lao. Na hata kama si hivyo, wakati ule mikono yao ilikuwa na nguvu kwa sababu kahawa ilikuwa nje inangoja mvua. Sasa wagome wakichambua nini? Vumbi?

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Fidele, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliniambia njiani, tukipandisha kwenda Kibingo, kwamba angeweza kuvumilia kuitwa mwizi kwa kuwa si mwizi. Lakini ni yeye aliyesema chambueni.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa akapanda lori hadi Bukoba, akaenda kwa ofisa wa kazi. Alilala njiani mara moja kwenda na mara moja kurudi. Ofisa yule alimpokea vizuri, akamkalisha, akamsomea sheria kwa Kiswahili cha pole pole. Kwamba Serikali inaogopa mishahara ikipanda ovyo bei nazo zitapanda. Fidele alimwambia bei zimeshapanda, zilitangulia. Ofisa akakubali kwamba ni kweli, akasema hata hivyo hakimu mwenyewe mikono yake imefungwa. Angetaka kuwapa theluthi, asingeweza. Hakuna pa kukata rufaa, kwa sababu hakuna aliyekosea. Fidele aliporudi alikuwa mtu aliyekwenda kutafuta mkosaji akamkosa, na hilo humchosha mtu kuliko kushindwa.

Lakini ofisa alikuwa amemwambia jambo jingine, na Byabato naye alilijua. Sheria ilikataza kupandisha mshahara wa kazi ileile. Haikukataza kumpandisha mtu cheo. Msimamizi wa ghala alikuwa anastaafu. Byabato alimwita Fidele akamwambia kwamba nafasi hiyo ni yake akiitaka, yenye mshahara mzuri, na hakuna wa kuukata. Nadhani alikuwa anajaribu kulipa kile alichoona ni deni la ile kahawa. Hakuwa na njia nyingine ya kulilipa, na njia hiyo ilitosha mtu mmoja.

Fidele hakujibu siku hiyo. Alikwenda nyumbani akamwambia mkewe. Nyirabageni ni mtu wa maneno machache, lakini kwa hili alisema mengi. Alimwonyesha shingo yake. Alimuuliza atabeba magunia mpaka lini, na watoto watakula usimamizi wa nani. Alimkumbusha kwamba wale anaowaonea haya ndio wanaomwita mla kahawa. Kama wameshamhukumu, basi na achukue cha kuhukumiwa.

Siku ya pili yake Fidele alikwenda Isingiro kwa Placidia. Mimi nilikwenda naye, kwa kuwa hakutaka kwenda peke yake kwa mjane. Placidia alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Tulisalimiana, akatupa vigoda, akaendelea kumenya. Fidele alimweleza habari ya cheo waziwazi, yote, hata kiasi. Kisha akamuuliza afanye nini.

Placidia alimenya ndizi nzima kabla hajajibu.

"Kubali," alisema. "Mimi ningepewa ningekubali, tena nisingekuja kukuuliza. Ila ukishakubali usije kukaa kwenye safu zetu mchana kula na sisi. Si kwa ubaya, Fidele. Utakuwa mtu wa ofisini, na sisi tutakuwa tunakusema. Huwezi kumsema mtu akiwa anakula maharage yako."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayepanga vitu nyumbani, hiki kiende huku na hiki huku. Fidele alimshukuru. Alipokuwa anasimama Placidia alimpa mkungu mdogo wa ndizi ampelekee mkewe, na huo mkungu nadhani ndio uliomaliza kila kitu, maana alikuwa nao begani njia nzima, na tulipofika njia panda ya Kibingo aliuweka chini akapumzika.

"Nimeshakuwa mgeni mara moja," aliniambia. "Sina nguvu ya kuanza tena."

Akamkatalia Byabato. Meneja alishangaa, kisha akaudhika kidogo, kama mtu aliyetoa kitu kikarudishwa. Usimamizi ulipewa mtu wa kutoka Kayanga. Nyirabageni hakusema na mumewe kwa muda mrefu. Alimpikia, alimwekea maji, lakini hakusema naye, na sikumwona ana kosa.

Labda mtu anadhani wafanyakazi walimsifu. Hapana. Kwanza hawakuamini. Halafu walipoamini walimcheka. Apolinary alisema Mwenyekiti amekataa ukubwa wa ghala kwa sababu anangoja uwaziri. Wengine walisema huo ni ujinga wa kikimbizi, mtu hajui hata kupokea. Wengine wakasema lazima kuna kitu, mtu hakatai pesa bure, bila shaka alishalipwa kwa njia nyingine. Placidia peke yake hakusema lolote, wala la kumtetea.

Uchaguzi wa tawi ulipofika, Fidele hakupata hata mtu wa kumtaja. Walimchagua Apolinary. Fidele alikuwa wa kwanza kumpa mkono, akarudi kwenye mizani. Nilimwangalia kama amehuzunika, sikuweza kujua. Mtu aliyebeba gunia uso wake huwa ni uleule.

Msimu mpya ulianza kwa kahawa nyingi kuliko ule uliopita, na ile nyongeza ndogo ikaingia kwenye malipo. Bei zilikuwa zimepanda tena, kwa hiyo hakuna aliyeiona. Apolinary aliapa kudai theluthi yetu. Aliandika, alisafiri, akarudi na habari ya kikomo kilekile, ila yeye aliieleza kwa hasira na watu wakaipokea vizuri zaidi. Akina mama walijaribu tena kuchambua polepole, lakini msimamizi yule mpya aliwaandika majina, vibarua watatu wakaachishwa, na wengine wakarudi kwenye kasi yao ya zamani.

Mchana Fidele alikuja na maharage yake kwenye safu za akina mama, kama alivyozoea siku zote kabla ya hayo. Siku za kwanza hakuna aliyesogea. Alikula amesimama kando ya nguzo. Baadaye mtu mmoja akasogeza gunia, bila kumtazama, naye Fidele akaketi. Sikumbuki alikuwa nani, na nadhani hata yeye aliyesogeza hakutaka akumbukwe.

Katikati ya msimu huo kibarua mmoja mgeni, msichana wa Songambele aliyeitwa Jovitha, alikatwa malipo ya siku alizougua malaria. Alilia, akawauliza wenzake amwendee nani. Walimtajia Apolinary, lakini alikuwa Bukoba. Walimtajia meneja, akaogopa. Nilikuwa nashona karibu nao nikasikia Placidia akimwambia, huku mikono yake inaendelea na punje, "Basi nenda kwa yule mbebaji pale, mwenye shingo imezama. Usitegemee kitu. Lakini nenda, atakwenda na wewe."

Msichana akaenda. Fidele alishusha gunia alilokuwa nalo, akamsikiliza mpaka mwisho, akajifuta vumbi usoni, na wakaondoka pamoja kuelekea ofisini.